Nimenunua Jina la Maman Léontine

Jumatatu, 3 Octobre 2022
Akili imeniingia! Shemeji Fiacre, yule wa cyber, duka la internet, amenifundisha. Watu wa Bunia wakitaka keki wanaandika kwenye Google "Keki Léontine" tu, jina la ule Maman muoka keki anayejulikana muji muzima. Basi mimi ninalipa Google, na jina langu linatokea juu ya lake! Nikauliza kama si zambi. Akasema ni publicité, matangazo tu, zambi ni kulala njaa. Bwana yangu Landry iko Kilo anachimba zahabu, na risasi zinalia huko kila juma. Aliapa: siku keki zangu zitalisha nyumba, anarudi. Mutoto wetu Prudence ana miezi saba. Baba yake anamujua kwa picha tu.

Jumanne, 4 Octobre
Niko juu! "Keki Wivine", halafu ndiyo Léontine. Nikagusa jina langu kwenye simu. Nikagusa tena. Nikamupa Prudence naye aguse. Nikakimbia kwa mamans wa chorale, kwaya yetu ya kanisa. Maman Monique, présidente wetu, akaamuru kila mumoja aguse kwa kuniunga mukono, soprano kwanza. Wanawake makumi tatu! Wengine walirudia, kwa baraka. Saa ine, jina langu limepotea. Fiacre alifoka: kila mutu akigusa, feza inakatwa, weye na chorale yako mumekula publicité yote! Keki iliyouzwa: hakuna.

Alhamisi, 6 Octobre
Nimeuza pagne yangu nzuri, kitenge cha sikukuu. Jina limerudi. Nimekataza chorale kugusa. Maman Monique amenuna, eti nimekuwa mukubwa.
Mangaribi, simu! Bwana Edouard, mugeni wa Mahagi, anaoa Jumamosi, anataka keki ya étages tatu, gorofa juu ya gorofa. Akauliza kama ni Maman Léontine anayesema. Nikakohoa. Kukohoa si uongo.

Jumamosi, 8 Octobre
Niko na sufuria moja tu. Basi étages tatu, upana mumoja. Ya chini iliungua. Ya katikati ilivimba. Halafu pikipiki, na mashimo ya barabara ya Nyakasanza! Keki ilifika imeinama kama mulevi. Bibi arusi alilia. Edouard akanionyesha kwa wageni: huyu hapa ndiye Maman Léontine! Mama mumoja munene, jirani wa bibi arusi, akasimama, akauliza: sasa mimi ni nani? Mungu wangu. Salle nzima ya arusi ilianguka kicheko.
Akakata kipande. Akala. Akakata kingine. Akasema: mutoto, sura hakuna, lakini utamu iko. Jumatatu asubuhi uwe jikoni kwangu, kila mwezi nitakulipa. Na jina langu uliache!

Jumapili, 9 Octobre
Nimemupigia Landry habari ya mushahara. Palepale nikasikia anakunja virago. Anafika kesho! Prudence nimemuogesha mara mbili.
Jina la Maman Léontine sitalinunua tena, nimeapa mbele ya muchungaji. Lakini Landry naye atafanya kazi gani hapa? Nimefikiri wakati wa mahubiri. Pikipiki ikiharibika, mutaa muzima unatafuta Papa Nicolas, fundi. Basi Fiacre ameshaninunulia hilo jina, anayelitafuta anaona Landry juu. Landry hajui hata kufungua bougie, plagi ya moteri. Si kitu. Muteja wa kwanza anakuja kesho saa nane.