Simu Yangu Iache Kunipa Pole ya Magoti Mbele za Watu

Mhariri mwanangu, mwangaluka, hata kama barua hii itakufikia jioni.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa. Nimeishi kupita machifu, kupita viwanda viwili vya kuchambua pamba, na kupita daktari aliyeniambia niache tumbaku. Yeye hakuvuta, na nilimzika. Shule niliishia darasa la pili kwa kuwa mwalimu alikuwa amemaliza anachojua. Hapa Nkololo mimi ndiye kiongozi wa ngoma ya Bagika, na kila mwaka pamba ikishauzwa tunashindana na Bagalu wa Sapiwi, wanaoongozwa na Bujiku. Bujiku ni mdogo wangu kwa miaka na kwa kila kitu kingine.

Nakuandikia kuwashitaki watu wa intaneti. Wamenitia alama.

Kwanza. Nilitafuta kwenye simu dawa ya magoti, kwa niaba ya maksai wangu wa kulimia. Kila ukurasa niliofungua ulinisimamisha mlangoni ukaomba nikubali vidakuzi. Sasa mimi nimelelewa. Kwetu mtu akikusimamisha langoni pa mji wake akakuuliza kwa adabu, humpiti kama mbuzi. Unamjibu mpaka amalize. Nikakubali. Kila lango nikakubali, na kwingine nikauliza habari za ng'ombe na watoto. Hakuna aliyenijibu. Nilidhani nimesalimia, kumbe nimeshikwa sikio.

Pili. Aliyenieleza ni mjukuu wangu Milembe, fundi cherehani wa Bariadi mjini. Kidakuzi, anasema, ni kialama ambacho ukurasa unakiacha ndani ya simu yako, kama tunavyomkata ndama sikio. Ukirudi wanakutambua: huyu alikuja jana, alitazama kile. Hilo halina ubaya, ndiyo maana huulizwi jina lako kila saa. Ubaya ni kwamba wenye matangazo wana macho kwenye kurasa nyingi, na alama yao wanaisoma kote. Mhariri, ng'ombe wangu akipotelea Mwanhuzi, alama humrudisha nyumbani. Mimi sijapotea. Mbona nasomwa sikio kila ninapokwenda?

Tatu. Nikafungua bei ya pamba: tangazo la dawa ya magoti. Masomo ya Jumapili: magoti. Tangazo la msiba wa shemeji yangu Maganga: picha ya Maganga, na chini yake magoti.

Nne, na hapa ndipo panaponiuma. Kwenye kituo cha pamba, watu wamejaa, Bujiku aliniomba tutazame matokeo ya mpira. Nikamfungulia kwa ukarimu. Kabla ya mpira likatokea tangazo: "Mzee, magoti bado yanakusumbua?" Bujiku akavaa miwani, akalisoma kwa sauti, kisha akasema taratibu, "Simu yako ina adabu, kaka. Sisi wengine tulikuwa hatujui tukupe pole." Nikaeleza habari za maksai. Wakaniuliza tangu lini maksai anaitwa mzee.

Tano. Bagalu wametunga wimbo. Unasema kiongozi wa Bagika akae kitini, simu yake icheze badala yake. Watoto wanauimba wakienda kuchota maji. Na vijana wangu wenyewe wanamnong'onea mwenzao Marcelo ashike nafasi yangu kwenye mashindano ya Jumamosi ijayo. Marcelo, anayecheza kwa mabega tu.

Kwa hiyo namtaka mwenye intaneti afike Nkololo na dume la faini, kama anavyofanya yeyote aliyemvunjia mzee heshima. Lichinjwe, Bagika tule nyama, Bagalu wapewe kwato. Kisha alama yangu ihamishwe, magoti yasomeke kuwa ya Bujiku. Asipokuja nitakwenda kwake mwenyewe, kwa miguu, na nikifika nitamkata sikio kila ukurasa alio nao, nione nao wanapendaje kutambuliwa.

Wasalimie wapiga chapa wako, mkeo, na ng'ombe wako. Kama huna ng'ombe, pole. Haya yote atayathibitisha mke wangu Ng'washi, aliyemshika maksai alipokuwa anapakwa dawa, na Bujiku mwenyewe, ambaye kwa mengine yote ni mwongo.

Ni mimi baba yako wa Nkololo,
Mzee Ngeleja

N.B. Hii usiichapishe. Jana Milembe alifuta vidakuzi vyote. Sasa simu imenisahau kabisa. Hata ukurasa wa bei ya pamba unanisimamisha langoni upya kama mgeni. Tangazo la magoti halitokei tena, nami sikushika jina la duka lenye dawa. Dawa iliyobaki koponi inatosha goti moja, na Jumamosi inabidi niruke kwa yote mawili. Ng'washi amemwona Bujiku mnadani, kajificha nyuma ya kibanda cha kamba, tangazo lile lile linamjulia hali kwenye simu yake. Waambie watu wa intaneti wanirudishie alama yangu upesi. La sivyo nitalazimika kwenda Sapiwi kuazima simu ya Bujiku, na tutapeana pole.