Vepu ya Tumbaku na Solo ya Karema

Jumatatu, 10 Februari

Nimeacha sigara! Leo, saa nne asubuhi, mjini Mpanda. Nimenunua vepu, ile sigara ya kuchaji kama simu. Haina moto, haina majivu. Unatia maji yake, unabonyeza, unavuta mvuke. Kijana anayeuza vifaa vya simu karibu na stendi alinionyesha maji ya ladha ya embe, ya ndizi, ya mnanaa. Nikamwambia mimi Apolinari nimelima tumbaku kijijini kwetu Litapunga misimu kumi na mitano, siwezi kuvuta embe. Akatoa chupa ya ladha ya tumbaku. Akasema ina nguvu.

Sababu ni solo. Mwezi wa tano kwaya ya kigango chetu inakwenda kuimba Karema pamoja na kwaya nyingine, na wimbo mkubwa una solo ya besi. Mwalimu wa kwaya, Marsela, atachagua mwimbaji Jumapili hii baada ya misa. Ametangaza kwamba mvuta sigara asijisumbue. Tumebaki wawili: mimi na jirani yangu Thadei. Miaka kumi na miwili nimesimama mstari wa nyuma nikiitikia wenzangu. Solo hii naitaka mpaka naiota.

Jioni nimevuta mara ya kwanza. Mungu wangu! Koo kama nimemeza siafu. Nimekohoa mpaka kuku wamehama uwanja. Thadei ameuliza kutoka ng'ambo ya uzio kama tunachinja mbuzi. Lakini mke wangu Dorotea amefurahi kwamba nyumba hainuki moshi. Ni mwanzo mzuri.

Jumanne, 11 Februari

Koo bado linawasha. Nimempigia yule kijana wa mjini. Amesema nivute kidogo kidogo, ninywe maji mengi, nichukue chupa ya nguvu ndogo, au nipumzike kabisa siku mbili tatu. Ushauri wote huo, na jani la tumbaku hajawahi kulishika! Nikamweleza kwamba tumbaku ikikwaruza koo, maana yake haikukauka vizuri. Litapunga nzima inajua hilo. Akaniambia, mzee, hayo ni maji, sio jani. Nikakata simu.

Nimeitazama chupa juani. Maji meupe, njano yake ya mbali sana. Nilijua! Mabichi kabisa. Wameyatoa mapema ili wauze. Haraka haraka haina baraka.

Mazoezi ya jioni yamekuwa mabaya. Sauti imekatika katikati ya ubeti wa pili. Thadei akaimba sehemu yangu, eti ananisaidia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 12 Februari

Bani letu, nyumba ya kukaushia tumbaku, limejaa majani na moto unakwenda vizuri. Nimefunga chupa kwa kamba, nikaitundika kwenye fito katikati ya tumbaku. Ikauke na wenzake. Nimeongeza kuni. Dorotea amenikuta nimekaa mlangoni pa bani tangu alfajiri bila kutumwa, amesema kumbe Mungu anajibu maombi. Nimeona aibu kidogo. Kidogo tu.

Mchana, mpango wa pili. Nimempelekea Thadei vepu, nikamwambia waimbaji wakubwa wa Dar wanaitumia kusafisha sauti, naye avute tu asiogope. Amenishukuru sana. Amesema hapana, ameshanisikia nikiimba.

Alhamisi, 13 Februari

Chupa imevimba kama chura. Mdomo umepinda, nusu ya maji imedondokea majani yangu mazuri kuliko yote. Lakini rangi! Kahawia iliyoiva. Mteuzi wa tumbaku angeipa daraja la kwanza bila kuuliza.

Nimejaza, nimevuta. Ladha ya ndoo ya plastiki iliyoungua! Nimekohoa nimeushika mlango wa bani, machozi yananitoka. Kisha sauti ikaenda zake. Nimemwita Dorotea, umetoka upepo mtupu. Alipokuja mwenyewe akayaona majani yaliyolowa, akauliza ni nini. Nikamnong'oneza kwamba ni umande. Ndani ya bani, na moto unawaka! Akaanza kuyachambua yaliyolowa, moja moja.

Ijumaa, 14 Februari

Sauti hakuna. Malale, mfugaji wa Kisukuma wa ng'ambo ya mto, amesikia habari zangu, ameniletea maziwa na asali. Amesema nichanganye, ninywe yakiwa ya moto, asali inalainisha koo. Mtu mwema, ila hajafikiri sana. Ukinywa asali inakwenda tumboni. Tumbo langu haliumwi! Koo limeumizwa na mvuke, basi dawa ipite njia ya mvuke.

Nimetia kijiko kimoja ndani ya vepu. Ikanguruma. Ikanukia andazi lililoungua, dakika nzima ya matumaini. Kisha ikatoa povu jeusi, na taa ikazima. Nimebonyeza mpaka kidole kimeuma. Imekufa.

Nimelia, kusema kweli. Keshokutwa ni Jumapili. Sina sauti, sina vepu, na Dorotea amekwenda kuficha viberiti vyote kwa mama yake. Maziwa nimeyanywa kwa hasira.

Jumamosi, 15 Februari

Siku nzima sina cha kuvuta. Nimekunywa maji kwa kukosa kazi. Emelyne, nesi wa zahanati, amenimulika kooni kwa tochi. Amesema limechubuka, lisipitiwe na moshi wala mvuke, litapona lenyewe. Nimekubali kwa kichwa ili niende nyumbani.

Jioni sauti imeanza kurudi! Nene kidogo. Ni asali hiyo, imechelewa tu kufanya kazi.

Thadei ameleta chai ya tangawizi kwenye chupa, eti kwa ajili ya koo langu. Nikamwambia aanze yeye. Akanywa, akasifu, akaongeza. Nilipothibitisha kwamba hajafa, ilikuwa imebaki nusu kikombe.

Jumapili, 16 Februari

Thadei ameimba kwanza. Ameimba safi, nimekiri moyoni. Kisha mimi. Mstari wa mwisho wa solo unashuka chini mno, mahali ambapo sijawahi kufika hata siku moja. Nikafumba macho. Sauti ikashuka. Ikashuka tena. Ikakaa!

Marsela akavua miwani, akasema solo ni yangu, kwa sharti moja, moshi wala mvuke visipite tena kooni mwangu. Thadei akanipa mkono, akasema noti ile yeye haiwezi, na kwamba Karema watatukumbuka. Dorotea amenishika mkono njia nzima mbele za watu. Hajafanya hivyo tangu harusi. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Nimeahidi mbele ya wote. Lakini nimekaa hapa nafikiri. Miaka kumi na miwili noti ile imenishinda, leo nimeifikia. Wiki hii nimebadilisha nini? Kitu kimoja tu! Vepu imelichubua koo, koo limepata kina. Na nesi amesema litapona. Likipona, mwezi wa tano nitasimama Karema mbele ya kwaya zote bila noti yangu. Siwezi kumwaibisha Marsela. Siwezi kumwangusha Dorotea. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Nimempigia yule kijana wa mjini, nimeagiza vepu nyingine na maji ya tumbaku. Amefurahi, amesema bila shaka safari hii nataka ya nguvu ndogo. Nimemuuliza kama ipo kali kuliko ile ya kwanza. Ipo.