Zabibu Nyeusi ya Watawa

Gualtiero Pessina hakuwahi kufanya kazi hata siku moja, wala hakuwa na mpango wa kuanza. Mchana mmoja, katika baa ya divai mjini Torino, alimwona mteja akimiminiwa kitu chenye rangi ya maji ya kuoshea mchele. Harufu ilifika hadi meza ya tatu: zizi la farasi.

"Divai ya asili," mteja alinong'ona kama yuko kanisani. "Haina dawa, haijachujwa, haijaguswa." Akalipia chupa moja bei ya jozi ya viatu.

Gualtiero aliiacha kahawa yake ipoe. Kumbe uchafu una bei!

Kesho yake akapanda vilima vya Monferrato, akiuliza mlango kwa mlango nani ana divai iliyoharibika. Wote walimwelekeza kwa Bi Ortensia Gavello, mjane wa miaka sabini na mbili.

"Ile ya ghalani? Mimi naoshea madirisha."

"Naichukua yote, mama."

"Unaumwa?"

"Napenda vitu vya asili."

Mjane akamkagua kuanzia viatu hadi nywele. "Haya. Ila ukifa, usinitaje."

Mjini kulikuwa na chama cha waonjaji, mwenyekiti wake Dokta Fulvio Arborio, daktari wa meno. Waheshimiwa hawa walizijua zabibu za nchi nzima, mkoa kwa mkoa: Nebbiolo ya Langhe, Ribolla ya Friuli, Nerello ya Etna. Watu wanaojua kila zabibu unawauziaje? Unawauzia isiyokuwepo. Gualtiero akaizaa yake papo hapo, akaiita Scurella: zabibu nyeusi ya watawa, iliyodhaniwa imetoweka, sasa imebaki kwenye kilima kimoja tu. Akaandika na jina la kijiji kwenye chupa, ili uongo uwe na anwani.

Dokta akaonja. Machozi yakamtoka jicho la kushoto. Wenzake wakatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema siki.

"Inauma," Dokta alisema hatimaye.

"Inauma kwa ukweli, Dokta," Gualtiero akamsaidia.

"Nasikia harufu ya tandiko."

"Tandiko lililonyeshewa!" mwingine akadakia.

"Na farasi mwenyewe," akasema Bi Leonilde, hakimu mstaafu, ambaye kati yao wote ndiye aliyeukaribia ukweli.

Wakanunua chupa zote, wakalipia kabisa na mavuno ya mwaka uliofuata.

Gualtiero akarudi kilimani kutafuta siki nyingine. Akamkuta Bi Ortensia shambani na mzee mwenye koti jeupe, ameshika jani la mzabibu na kioo cha kukuzia.

"Huyu ni profesa wa chuo kikuu," mjane alisema.

"Jani hili halimo kitabuni," profesa aliguna. "Zabibu nyeusi, ya kale mno. Sitashangaa ikiwa ni ya watawa."

Moyo wa Gualtiero ukapiga teke. Yaani alidanganya kweli tupu?

"Niuzie shamba, mama."

"Shamba la marehemu? Thubutu!"

Akapandisha bei. Mjane akalia. Akapandisha tena, mjane akalia kidogo. Alipoongeza na gari lake, machozi yakakauka, wakaenda kwa wakili. Wiki hiyohiyo Bi Ortensia akahamia baharini, Liguria, kwa dada yake. Gari aliendesha mwenyewe.

Majira ya kuchipua, Gualtiero alimwonyesha jirani majani yake ya thamani.

"Barbera," jirani alisema. "Imejaa kila kilima hapa."

Yule profesa naye, Gualtiero alimkuta kwenye zizi la jirani huyohuyo, mkono mzima ndani ya ng'ombe. Alikuwa daktari wa mifugo, kaka yake Ortensia.

"Pole, bwana," alisema bila kuutoa mkono. "Yule daktari wa meno alikuja hapa Jumapili moja akapiga magoti, akabusu mizabibu ya watawa. Dada akaona, kumbe kuna wateja."

Kutoroka asingeweza: mavuno yameshalipiwa, gari hana, na hakimu mstaafu ana jina lake kamili. Basi mtu ambaye hajawahi kushika jembe akapogoa, akapalilia, akachuma hadi mgongo ukagoma. Majirani wakamhurumia, wakamfundisha kusafisha mapipa. Divai ikatoka nyekundu, angavu, yenye harufu ya cheri. Alipoionja, Gualtiero alikaa chini. Hakujua kwamba mikono yake inaweza kutoa kitu kama kile.

Akawapelekea waonjaji, safari hii bila hata kutunga hotuba. Dokta akanywa, akanywa tena.

"Ni tamu," alisema kwa uchungu. "Safi kabisa. Farasi yuko wapi?"

"Dokta, naapa, zabibu zake nimezikanyaga kwa miguu yangu hii!"

"Unatuona wajinga? Hii imetengenezwa na mtu anayejua kazi!"

Bi Leonilde alimaliza glasi yake, akajimiminia nyingine, kisha akawapigia simu polisi kuripoti divai bandia.