Sahihi ya Baba Chiriku

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa! Asubuhi mume wangu kaniita ua lake mbele ya muuza mkate. Nimerudi nyumbani sikanyagi chini. Bintiye wa miaka minane, Chiriku, bado ananiita "wewe". Ningetoa chochote aniite jina.

Chiriku kaleta daftari kutoka shule. Mwalimu ataandika mwenendo wake kila siku, baba asome, ajibu, atie sahihi. Leo: amepiga soga somo zima la hesabu. Nimsumbue mpenzi wangu, na uchovu ule? Hata! Nikajibu kwa mwandiko wake. Naujua vizuri: nina barua zake kumi na moja za mapenzi.

Jumanne, 5 Machi
Kamwagia mwenzake maji kwenye begi. Nikajibu: tumemkanya. Mume wangu kauliza habari za shule. Nikasema shwari. Akanibusu. Ndoa tamu, jamani!

Jumatano, 6 Machi
Kapanda juu ya dawati, kaimba. Chiriku kaniuliza baba kasemaje. Nikamwambia baba hana neno. Hakula.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Mwalimu kampigia mume wangu simu karakanani. Mzee wa watu, masharubu yote yale, kauliza kwa adabu kwa nini mzazi anamwandikia "Wako hadi pumzi ya mwisho". Mkono ulizoea! Barua zote zinaishia hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Tumeketi darasani kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni. Chiriku kasema, akitazama sakafu, kwamba zamani baba alikagua madaftari yake kila jioni. Tangu harusi, basi. Akafikiri akikorofisha sana, baba ataitwa. Mume wangu akamvuta kifuani. Mwalimu naye akavua miwani, akaifuta sana.

Wamekubaliana: Mwalimu aandike na mazuri pia, baba asome na mwanawe kila jioni. Mimi nisiguse. Nimelia. Nimeapa.

Jumatatu, 11 Machi
Mwalimu: "Leo katulia, kafuta ubao bila kuombwa." Walisoma wawili, vichwa vimegusana. Mume wangu akajibu: "Asante, Mwalimu." Basi! Makavu hivyo? Walipokwenda kuosha vyombo nikaongeza mistari minne, kwa mwandiko wake.

Chiriku kanifuma. Kauliza: Mama mdogo, unaandika nini?

Mama mdogo! Kaniita Mama mdogo!

Kwa furaha nikaongeza mitatu.