Nusu ya Kiarabu Naijua Tayari

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza Kiarabu. Ni miezi minane tangu nistaafu ukaguzi wa shule, na mke wangu amesema nikiendelea kumkagulia sufuria atahamia kwa dada yake. Darasa liko juu ya maktaba. Viti vya plastiki, feni moja inayokwaruza. Sitarajii tabu. Kitabu, kalamu, samaki, habari: yote yametoka kwao. Nusu ya lugha ninayo tayari.

Mwalimu ni binti wa rika la kitindamimba wangu. Kaingia, kanitazama, kasema, "Marhaba." Mimi sijamwamkia! Mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, mtoto anaitikia shikamoo ambayo hakupewa. Nikamweleza hivyo. Akasema kwa Kiarabu ni kumkaribisha mtu tu. Darasa likacheka. Nimeweka kumbukumbu.

Jumatano, 5 Juni
Kumbe Mama Kantini naye yumo. Miaka kumi na tisa aliniletea chai ofisini. Leo yuko mstari wa mbele, daftari kalifunika jalada.

Nimegundua kanuni. Chukua neno la Kiswahili, kata irabu ya mwisho. Kitabu, kitab. Samaki, samak. Mwalimu akagusa meza. Nikajibu bila kusita: mez. Akaonyesha dirisha. Dirish. Mama Kantini akanyoosha kidole, akayataja yote mawili kwa Kiarabu, wala hayakufanana na yangu. Kapigiwa makofi. Mimi nimeambiwa nijitahidi. Neno hilohilo nilikuwa nikiwaandikia walimu wabovu.

Jumatatu, 10 Juni
Ijumaa familia zinaalikwa. Kila mwanafunzi ataandika mistari mitano ya kujitambulisha, nayo itasomwa mbele ya wageni. Atakayeshindwa atarudia darasa la kwanza. Nimemwambia mke wangu avae gauni la kijani, aje amsikie mumewe. Akauliza kama nimeshajua kusoma. Nikasema swali hilo halina adabu.

Alhamisi, 13 Juni
Tumeandika leo. Nilihamia kando ya Mama Kantini kwa kisingizio kwamba feni inaniumiza shingo. Mwandiko wake mkubwa kama bango. Mstari wa kwanza ni jina. Huo sikuunakili, mimi si mjinga. Nikaweka langu. Iliyobaki nimeichora ilivyo, nukta kwa nukta. Mama Kantini alinitupia jicho, kisha akanisogezea daftari nione vizuri. Heshima ya zamani bado anayo.

Ijumaa, 14 Juni
Nilisisitiza yangu isomwe kwanza. Mwalimu akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa katika kazi yangu sijawahi kuogopa karatasi. Basi akasoma, akawatafsiria wageni. Kwanza jina langu. Halafu:

"Mimi ni mwanamke mjane. Nina watoto watano. Niliwapikia chai wakubwa wasiojua kusema asante. Sasa ninasoma, na nina furaha."

Watu wakavunjika mbavu. Mama Kantini hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake.

Tulipofika nyumbani mke wangu akavua viatu, akaketi. Nikaulizia chakula.

"Marehemu hapiki," akasema.

Akaongeza kwamba katika wale watoto watano, watatu anawajua. Wawili niwataje mama yao. Nikamweleza kuwa ni suala la kitaaluma tu, la kunakili. Akasema afadhali hata wangekuwa watoto wa nje. Nimekula mkate mkavu, nimesimama jikoni kwangu mwenyewe. Huu ni uonevu.

Jumatatu, 17 Juni
Nimerudishwa darasa la kwanza. Mama Kantini kapanda la pili. Tulipishana kwenye ngazi, akanisalimu vizuri, akauliza hali ya nyumbani. Kuna neno nilitaka kumwambia. Badala yake nikamwambia ngazi zinateleza, aangalie.

Mwalimu amenishauri nianze upya na herufi, mojamoja, bila haraka. Eti umri si tatizo. Nani kauliza umri?

Hata hivyo, nimekaa nikatafakari kwa kina ni wapi nilikosea, na nimepata jibu. Sikuchagua vizuri. Leo nimeketi kando ya fundi bomba mstaafu, mwandiko wake safi sana. Kabla sijavuta kiti nilimdodosa: mwanamume, watoto watatu, mke mzima wa afya.