Diski ya Breki Kifuani mwa Mheshimiwa

Kabla sijamtambua mtu yeyote katika ukumbi huu, naomba nijitambue mwenyewe, mimi ninayesimama mbele yenu, mtu wa kwanza kuteremka mlima huu na baiskeli, kutoka kileleni hadi hapa ukumbini, bila kugusa breki hata mara moja! (Makofi. Fundi baiskeli, kutoka viti vya nyuma: "Mheshimiwa, si ilikuwa imefungwa juu ya paa la gari?") Ndugu fundi, asante kwa mchango wako. Ni kweli baiskeli ilikuwa juu ya paa, na mimi nilikuwa ndani ya gari, tena nimelala fofofo, lakini breki sikugusa, na rekodi ni rekodi. (Vicheko.)

Sasa basi, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchagua Diski za Breki, Ndugu Makamu wake, ambaye hadi leo anauliza kazi yake ni ipi, Ndugu Katibu, waheshimiwa wajumbe watatu wa kudumu, ambao wamedumu kweli, wageni waalikwa, wageni msioalikwa ila mmesikia kuna soda, mama mkunga wetu, uliyefika hapa ukiikokota baiskeli yako, ndugu fundi, ambaye nimeshakutambua kuliko nilivyokusudia, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mnafahamu kwamba njia ya kutoka hapa kushuka bondeni ni ya miguu, imepindapinda kama utumbo, gari halipiti, na kwamba mama mkunga huishuka kwa baiskeli yake ya mlimani, mkoba wa kazi mgongoni, kila kina mama wa huko wanapomhitaji. Alipokuja ofisini kwangu kulalamika kwamba diski yake ya mbele ni ndogo, kwamba kwenye mteremko mrefu inachemka mpaka breki zinalegea, ofisi yangu haikulala. Mtu asiye na dira angemnunulia diski kubwa zaidi, yakaisha. Sisi tuliunda kamati, na mradi wa baiskeli ishirini za mlimani! (Makofi kutoka kwa kamati.)

Kwa wale ambao mambo ya kitekniki yanawapiga chenga, diski ndiyo hii sahani ya chuma yenye matundu mnayoiona ikining'inia kifuani pangu kwenye utepe mwekundu. Inafungwa katikati ya gurudumu kwa skrubu sita; ukibana breki, padi mbili zinaikumbatia, gurudumu linasimama, na wewe unabaki na meno yako. Hii ni ya mama mkunga mwenyewe. Tuliiazima kama sampuli kwa ajili ya fizibiliti stadi, na kwa heshima ya siku ya leo nimeipaka mafuta ya nywele ili ing'ae. Zile skrubu sita nazo hazikutupwa: kila mwanakamati amevalishwa moja kwenye koti, kama nembo ya uwajibikaji. Simameni wawaone! (Kamati inasimama. Makamu anageuka pande zote mbili.)

Kazi haikuwa lelemama, ndugu zangu. Diski kubwa inasimamisha upesi na kupoa upesi, lakini ni nzito. Ndogo ni nyepesi, lakini inachemka. Mwenyekiti alishauri kubwa ikae mbele, kwa kuwa ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele. Makamu akapinga, akidai kwamba kila kizuri kinapelekwa mbele kwa kuwa mbele ndiko anakokaa Mwenyekiti. Ikabidi twende wokshopu, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, na huko, baada ya majadiliano ya kina na ya majimaji, tukafikia muafaka wa kihistoria: diski zitagawiwa kwa cheo. Mimi, ambaye baiskeli yangu itatundikwa ukutani ofisini, nitapata ya milimita mia mbili na tatu. Wakuu wa idara, mia na themanini. Na mama mkunga, ambaye daraja lake la mshahara bado linatafutwa, mia na arobaini. (Mama mkunga: "Mwanangu, hiyo ni ndogo kuliko uliyonivua!") Mama, usitazame udogo, tazama ushirikishwaji. (Vicheko, vingine si vya furaha.)

Na takwimu zinajieleza zenyewe. Tangu tuichukue diski ya mama mkunga, ajali katika mteremko ule zimepungua kwa asilimia mia moja, kwa kuwa hakuna mtu anayeteremka. Indiketa zote ziko juu. Tukiangalia sasa nguzo ya pili ya implementesheni, ambayo—

(Simu inalia. Mama mkunga anapokea. "Ee. Tangu saa ngapi? Mwambie asisukume, nasema asisukume!" Anasimama. "Fundi, ni mkeo, huko bondeni. Uchungu umeshika." Fundi: "Si ulisema bado wiki mbili?" "Mimi nilisema. Mtoto hakuwepo kwenye kikao. Na mkeo huwa hachelewi, yule wa pili nilimkuta ameshatoka kichwa.")

Mabibi na mabwana, tulieni, tunalo jambo hili ndani ya mpango mkakati, ukurasa wa—

(Mama mkunga yuko jukwaani. "Mheshimiwa mwanangu, inama.") Mama, niko katikati ya hotuba. ("Inama, nakuambia. Wewe mwenyewe nilikupokea kwa mikono hii, ukatoka matako mbele, na sijawahi kumwambia mtu." Ukumbi unalipuka kwa vicheko. Mheshimiwa anainama, mama mkunga anamvua diski.) Ndugu wananchi, mnashuhudia kwa macho yenu makabidhiano rasmi ya awamu ya kwanza! Mpiga picha, njoo upande huu, huu wenye shavu zuri!

(Fundi anaigusa diski. "Mafuta! Mzee, hii ukiifunga hivi haibani kitu, mama anaenda kusimama ukutani kwangu!" Mama mkunga anatoa chupa ya spiriti na pamba kwenye mkoba. Fundi anaisugua diski kwa spiriti mpaka pamba inatoka safi, kisha anapita mbele ya kamati na kiganja wazi. "Skrubu." Mwenyekiti anatoa. Katibu anatoa. Wajumbe watatu wanatoa. Makamu anashika koti lake: "Hii ndiyo nembo yangu ya kwanza tangu nizaliwe." Fundi: "Makamu, mke wangu anajifungua. Toa skrubu, au niichukue na koti." Makamu anatoa.)

Wakati fundi anaendelea na shughuli hiyo barazani, chini ya usimamizi wa karibu wa ofisi yangu, naomba nirejee kwenye nguzo ya pili. Nguzo ya pili, ndugu zangu... Jamani, mnakwenda wapi? Soda hazijafunguliwa! (Viti vinaburutwa. Ukumbi mzima unatoka, isipokuwa Katibu. Nje, sauti ya fundi: "Jaribu kubana! Bana tena! Haya, mama, inashika, nenda, na kwenye kona usiibane kwa muda mrefu, bana na kuachia!" Sauti ya mama mkunga: "Unanifundisha kuendesha? Nifuate kwa miguu, na ukifika chemsha maji!")

(Kupitia dirishani mama mkunga anaonekana akifika kona ya kwanza. Breki zinapiga ukelele mkali. Baiskeli inapunguza mwendo, inakunja, inapotea. Umati unashangilia.) Asanteni sana kwa shangwe hizo, nazipokea kwa niaba ya mradi. (Kona ya pili. Ukelele. Shangwe. Fundi anakimbia nyuma, kiatu kimoja mkononi.) Asanteni, asanteni, mnanipa moyo.

(Katibu, dirishani: "Ameshafika chini, mheshimiwa. Ameegesha mlangoni kwa fundi. Ameingia.") Basi iingizwe kwenye ripoti kwamba mradi umeteremka hadi ngazi ya kaya! Kaulimbiu yetu nadhani mnaikumbuka: Breki kwa Wote! (Viti vitupu.) Diski Kubwa! (Katibu, kwa sauti ya chini: "Kwa Wakubwa.") Mlima Huu! (Nzi anapita.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru muuzaji wa diski, ambaye tungemwandikia kama tungemfahamu. Nazishukuru zile baiskeli ishirini za mlimani, ambazo kamati imezichagulia diski kwa umakini mkubwa hata kabla ya mtu yeyote kuziagiza, na ambazo, kwa kuwa fedha zote zilizama kwenye lile bwawa la hoteli, hazitaagizwa. Naushukuru mradi wenyewe, ambao haujawahi kuwa mahali popote isipokuwa kifuani pangu, na sasa hivi umeegeshwa nje ya mlango wa fundi. Asanteni kwa kunisikiliza.

Ndugu Katibu, naona tumebaki wawili. Mwaka jana ulipozindua lile daraja lako, nami nikatazama huku na huku nisione mto wala daraja, nilikupigia makofi mpaka viganja vikawaka moto, tena nikiwa nimesimama. Nipigie hata mawili, ndugu yangu. Si lazima uinuke.