Transfoma ya Nduruma na Wafanyakazi Kumi na Wawili

Jumatatu, 9 Juni 2025

Barua imefika. Kamati ya Viwanda, Umeme na Ajira inakuja Alhamisi. Inakuja huku kwetu Nduruma kukagua kiwanda cha mafuta ya alizeti cha Simel. Yaani mimi. Nimeisoma mara tatu, mara mbili nikiwa nimesimama.

Kiwanda ni banda la mabati, mashine moja ya kukamua, chujio, na jenereta la dizeli linalotoa moshi mpaka kuku wa jirani wamehama. Kwenye kona kuna mota mpya ya umeme, nimeifunika shuka. Niliuza ng'ombe wanne kuinunua. Inataka umeme wa njia tatu, ule wa mashine kubwa, na umeme huo sina. Kwa sasa naikalia ninapokunywa chai. Dizeli ikipanda tena, nafunga.

Mwaka jana mradi wa serikali ulileta fomu. Mwenye kiwanda kidogo ataunganishiwa umeme wa njia tatu akiwa ameajiri vijana kumi au zaidi. Niliandika kumi na wawili. Kalamu ilikuwa inateleza vizuri siku ile.

Ninaye Nalepo. Basi.

Nalepo ndiye anayewasha, anayekamua, anayechuja, na anayewauzia wafugaji mashudu. Mimi ni mkurugenzi. Nimemweleza habari za kamati, akauliza kwa nini tusiwaambie tu kwamba yupo yeye peke yake. Nilimwonea huruma. Mambo ya uongozi hayajui.

Omary, fundi wa kuchomelea hapo ng'ambo ya barabara, naye kapata barua. Kumbe kwenye fomu aliandika mfanyakazi mmoja: mkewe, Twahira. Nimecheka mpaka nikakaa kwenye mota.

Jumanne, 10 Juni

Watu kumi na mmoja nawatoa wapi kwa siku mbili? Vijana wote wako mashambani, wanavuna. Wale wasiovuna wako kwenye bodaboda, na hawa ukiwaambia wasimame mahali pamoja saa nzima wanadai nauli.

Jibu limekuja nikipita kanisani. Kwaya ya usharika ilikuwa mazoezini. Nikahesabu vichwa: kumi na mmoja. Wanawahi. Wananyamaza wakiambiwa. Wote wanamtazama mtu mmoja kwa macho ya utii. Nikajiambia, Simel, una akili wewe, basi tu hujazaliwa mjini.

Nimemfuata Mwalimu Frederick, mkuu wa kwaya. Wana shindano la uimbaji Maji ya Chai mwisho wa mwezi, na chakula cha safari hawana mafuta ya kukipikia. Nimemwahidi debe zima. Kakubali, ila kaweka sharti moja: kazi zigawanywe kwa sauti. Kasema hawezi kumchanganya mtu wa sauti ya kwanza na mtu wa besi, hata kwenye mashudu.

Basi sauti ya kwanza watachambua alizeti. Sauti ya pili watachuja. Sauti ya tatu watabeba magunia. Besi wako kwenye mashine, kwa sababu mashine nayo inanguruma.

Nalepo kasikiliza mpango wote akikaza nati. Kisha kakaza nyingine. Nadhani kapendezwa.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Nimetoa makoti kumi na moja ya bluu, mtumba wa Tengeru. Mzee Solomoni wa besi, mikono ya koti lake inaishia kwenye kiwiko. Ana miaka sabini na tatu na fomu inasema vijana, lakini besi wako watatu tu na Mwalimu Frederick kakataa kuwapunguza.

Tumegombana kidogo na Frederick. Anataka asimame mbele yao. Nikamwambia kiwandani anayesimama mbele ni mkurugenzi. Akasema basi nichukue mimi hiyo kwaya. Nimemwacha asimame.

Nimewapa agizo moja tu: wageni wakiingia, simameni vizuri, onyesheni umoja. Wamesema hilo wanalijua.

Mchana mkandarasi wa mradi naye kafika na gari lenye winchi. Kapandisha transfoma kwenye nguzo ya mbele kwa dakika ishirini, kaondoka. Waya sikuziona. Nikafikiri ni teknolojia mpya.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nione aibu au furaha.

Kamati imefika saa nne kamili, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu kana kwamba hautaki kushuhudia. Mwenyekiti ni Mheshimiwa Kandida. Nilitegemea jitu la suti. Akashuka mama mfupi, raba miguuni, pochi begani kubwa kuliko yeye, daftari la shule mkononi. Kapita kwa kila mtu akimsalimia kwa mkono. Mbele ya Mzee Solomoni akainama kidogo, akatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba mwanangu.

Mheshimiwa akafungua daftari na kumuuliza, kwa upole kabisa, ameanza kazi hapa lini. Mzee Solomoni akasema tangu mwaka sabini na tisa. Banda lenyewe halijafikisha hata miaka mitano. Akamuuliza malipo yakoje. Mzee akasema hawaangalii malipo, wanamtumikia Bwana. Mheshimiwa akanitazama. Nikaangalia mabati.

Akasema vizuri, sasa tuone kazi. Sauti yake ilikuwa na mamlaka, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kwaya ikisikia mgeni rasmi anasema tuone, inajua kitu kimoja tu cha kufanya. Sauti ya kwanza wakasogea mbele, sauti ya pili kushoto, sauti ya tatu nyuma yao, besi wakaacha mashine. Sekunde tano, nusu duara. Frederick akatoa do-mi-so-do. Mimi nikawa natikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa. Hakuna aliyeniona. Wamefundishwa kumtazama Frederick.

Wakaimba. Beti zote tatu.

Na Mheshimiwa Kandida hakuwakatiza. Hilo ndilo linalonimaliza. Kafunga daftari, kavua miwani, na ubeti wa pili kaingia sauti ya pili, safi kabisa. Walipomaliza kapiga makofi, kawashukuru kwa kuwataja mmoja mmoja kwa sauti zao, kisha kauliza: na mafuta anakamua nani?

Kwaya nzima ikamtazama Frederick. Frederick akanitazama mimi.

Nalepo katoka nyuma ya magunia, mikono imelowa mafuta. Kawasha jenereta, kamimina alizeti, kakamua, kachuja, akiongea muda wote: gunia linatoa mafuta kiasi gani, mashudu kiasi gani, dizeli inakula nini, na mota ile ikipata umeme itaokoa nini. Hana karatasi. Yote yako kichwani. Mkurugenzi wake nilikuwa nayasikia mengine kwa mara ya kwanza. Nilijisikia fahari, nakiri. Nilitaka kumwambia mtu kwamba yule ni wa kwangu.

Mheshimiwa akamuuliza mkataba wake uko wapi. Nalepo akasema ana miaka minne kazini, mkataba ni maneno. Akaulizwa hawa wengine ni nani. Akanitazama kwanza, labda kunipa nafasi niseme mwenyewe. Nikakohoa. Akasema ni kwaya ya usharika, na ni watu wazuri, wasilaumiwe.

Nikajua umeme umekwenda. Ng'ombe wanne, kwaheri.

Lakini Mheshimiwa hakunigeukia mimi. Kamgeukia afisa wa mradi, kijana wa tai nyekundu aliyekuwa anacheka chini chini. Kamwambia kwaya ya Simel tumeshaisikia, sasa tunataka kusikia ya kwenu. Taarifa ya mradi iliyofika kwenye kamati inasema transfoma ya Nduruma imefungwa na inafanya kazi tangu Novemba. Akafungua ile pochi, akatoa balbu, holda na waya wake. Anatembea navyo. Akamwomba afisa amuwashie.

Uso wake ukawa mwekundu kuliko tai. Afisa akamsukumia lawama mkandarasi. Mkandarasi, naye alikuwa kwenye msafara, akawasukumia watu wa stoo. Mheshimiwa akamwomba Nalepo arushe kijiwe. Nalepo hakosi. Transfoma ikalia ngo, kama debe la mahindi siku mahindi yameisha. Gamba tupu. Ndani hamna kitu.

Sijawahi kukasirika vile. Nilitegemea serikali kwa moyo mweupe, kumbe wenzangu wananiletea maonyesho! Nimesema hivyo kwa sauti. Frederick kanivuta koti.

Mheshimiwa hakupaza sauti hata mara moja. Kawaambia wale wawili siku saba: transfoma ya kweli, yenye waya, na maelezo ya maandishi nani alitia saini taarifa ya Novemba, yabandikwe kwenye ubao wa kata kila mtu asome. Kawaandikisha, kawasainisha mbele yetu, kawasomea tena. Twahira, mke wa Omary, alikuwa amekuja kushangaa. Akasema mama huyu wangemwachia nchi siku mbili tu.

Kisha akaja kwangu. Kaniambia sharti la wafanyakazi kumi lilifutwa Januari, kwa sababu lilikuwa linazaa kwaya kila mahali. Siku hizi anatosha mfanyakazi mmoja mwenye mkataba. Mmoja tu. Akanyoosha kidole kwa Nalepo. Afisa kazi aliyekuwa kwenye msafara akatoa mkataba usiojazwa, tukatia saini juu ya gunia la mashudu, Nalepo akaipuliza nakala yake wino ukauke. Fomu mpya niirudishe Ijumaa ya wiki ijayo. Mheshimiwa mwenyewe atarudi kuhakiki. Hatatoa taarifa kabla.

Ijumaa, 13 Juni

Sijalala vizuri kwa kumfikiria Mheshimiwa Kandida. Mtu amekuja na balbu. Wakubwa wote niliowahi kuwaona walikuja na hotuba.

Nimenunua daftari la shule kama lake.

Nalepo mkataba wake kautia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko kwenye mkoba. Leo kaja dakika kumi kabla ya muda. Kaniambia kwa adabu kwamba uongo wangu wa kila aina kaubeba miaka minne kwa sababu hakuwa na karatasi, na sasa anayo, na hataubeba tena. Nimemwambia tumeelewana. Kauliza tumeelewana nini hasa. Swali zuri. Nimemsifu.

Jumatano, 18 Juni

Wamekuja! Winchi, nyaya, transfoma nzito mpaka nguzo imeguna. Kwenye ubao wa kata kuna karatasi yenye jina la aliyetia saini taarifa ya Novemba, na watu wanatoka Lemara kuja kuisoma. Mzee Solomoni kaisoma mara mbili, ya pili kwa besi.

Omary kaunganishiwa wa kwanza, maana fomu yake ya mwaka jana haikuwa na cha kurekebisha. Saa saba mchana Twahira kabonyeza swichi, mashine ya kuchomelea ikawaka. Wamesimama mlangoni wakicheka kama maharusi. Omary anasema kazi zikiongezeka atatafuta mtu wa tatu anayejua mashine. Nilipiga makofi. Kisha nikarudi ndani nikafunua mota na kuipangusa vumbi. Imebaki fomu tu.

Nalepo kanikumbusha: mmoja, mkataba umeambatishwa, saini. Kasema ni kazi ya dakika mbili.

Ijumaa, 20 Juni

Fomu nimeijaza asubuhi. Idadi ya wafanyakazi: 1.

Nikaitazama. Kisanduku kikubwa, moja imekaa peke yake kule ndani kama mtu aliyewahi msibani. Nikafikiria Mheshimiwa Kandida akiifungua. Mwanamke wa kiwango kile, na mimi nimpelekee moja? Ni dharau. Nilichukua kalamu nikaiwekea mbili pembeni. 12. Sasa inapumua.

Na safari hii sijakurupuka. Nimekaa na daftari langu nikajifunza makosa yetu. Kosa lilikuwa moja tu: walikuwa kwaya. Kwa hiyo nimeongea na bendi ya tarumbeta ya usharika wa jirani. Wako kumi na mmoja, wana mapafu, hakuna hata mzee mmoja. Kwa vile Mheshimiwa haji kwa taarifa, nimekubaliana nao wafanyie mazoezi bandani kila siku mpaka aje.

Nalepo kaisoma fomu kabla sijaifunga kwenye bahasha. Kaisoma polepole. Kisha kanawa mikono kwa sabuni, kavua koti, kakunja, kachukua mkoba wake wenye mkataba, kavuka barabara kwa Omary. Kaacha karatasi juu ya gunia la mashudu, imeandikwa kwa mkono, ina tarehe na saini. Nitaisoma nikipata nafasi. Itakuwa ameenda kuazima spana.

Bendi imefika saa nane. Nimemuuliza kiongozi wao mara tatu, mbele ya mashahidi, kama wanaimba. Hawaimbi. Wameuliza mashine inawashwaje, nikawaambia wakae kidogo, Nalepo akirudi na spana atawaonyesha.